Studio ya picha na vijitabu vya misiba, Mbuyuni Moshi: Bibi yetu alitoka vile vile alivyokuwa

Naandika hii kwa wale wenye msiba au wenye picha za wazee zinazoozea ndani ya masanduku, maana najua ukifiwa huna muda wa kuzunguka mji mzima kuulizia nani anafanya kazi vizuri. Studio yenyewe iko Moshi mjini maeneo ya Mbuyuni, unapanda ngazi juu ya duka la vitambaa, kachumba kadogo tu, ukuta mzima umejaa picha za harusi na kipaimara. Sisi tulienda kwa ajili ya Bibi mzaa baba, tukitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, vijitabu vya ibada vyenye wasifu, na bango la kuweka njiapanda ili wageni wanaotoka Dar wasipotee huko juu Mwika.

Nianze na picha. Bibi alikuwa hapendi kupigwa picha, zile za kwenye simu zote anageuka pembeni au ameweka kiganja usoni, kwahiyo picha aliyoipenda mwenyewe ilikuwa moja, ya miaka ya sitini, amesimama nje ya kanisa siku ya mavuno, amejifunga kanga na kitambaa cheupe kichwani, mkungu wa ndizi uko miguuni pake. Aliihifadhi ndani ya Biblia yake miaka yote hiyo. Imekunjika katikati, ukungu umeila kona ya juu, sikio moja halionekani kabisa. Kabla ya kufika hapa kuna ndugu yetu alishaipeleka sehemu nyingine Dar wakaipitisha kwenye programu ya simu ikarudi inang'aa, ngozi laini kama ya binti wa miaka ishirini, nyeupe, mwanya umezibwa, macho yamekuwa makubwa sawa sawa. Baba aliishika akaitazama weee, akauliza huyu ni nani. Hakuna aliyemjibu.

Sasa yule kijana wa Mbuyuni kitu cha kwanza alisema poleni na msiba, akanawa mikono, akaishika picha kwa kingo. Hakutaka tumtumie ya WhatsApp, alitaka ile yenyewe, akaiskani kubwa mpaka unaona nyuzi za kitambaa cha kichwani. Halafu akatuuliza swali ambalo kule Dar hawakuuliza, akasema hapa kwenye meno, Bibi alikuwa na mwanya au hili ni doa la picha? Shangazi akacheka huku analia, akamwambia mwanangu, huo mwanya tumerithi ukoo mzima, angalia na wangu. Akauacha. Makunyanzi ya pembeni mwa macho akayaacha. Alichoondoa ni ukungu na ule mkunjo tu. Lile sikio lililopotea akasema siwezi kulitunga kutoka kichwani mwangu, nileteeni picha nyingine hata mbovu nione, tukamtafutia moja ya kwenye simu akalinganishia humo. Tulitaka pia atie rangi, akauliza kanga ilikuwa rangi gani, mashangazi wakaanza kubishana huyu nyekundu yule bluu, basi akashauri iachwe nyeusi na nyeupe kuliko kumvalisha Bibi kanga isiyo yake. Huyo kijana Mungu ambariki kwakweli.

Kwenye wasifu ndio nilimkubali zaidi. Tulimpelekea maandishi yamechapwa tayari, kitambulisho cha Bibi kinasema kazaliwa tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1930, wazee wengi wa enzi hizo wamewekewa tarehe kama hizo kwasababu cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Kijana anapanga kurasa akasimama, akasema samahani dada, hapa mmeandika alipata kipaimara 1940, ina maana alikuwa na miaka kumi? Yeye mwenyewe ni msharika tena mwanakwaya, anajua watoto huingia darasa la kipaimara wakiwa wakubwa kidogo. Kaka yangu akaenda usharikani wakafungua kitabu cha ubatizo cha zamani, kile cha mkono, Bibi yumo, kabatizwa mtoto mchanga mwaka 1926! Kwahiyo Bibi aliyefariki 2023 hakuwa na 93, alikuwa na 97. Angekosea yule kijana au angenyamaza, tungemzika Bibi tumempunguzia miaka minne ya maisha yake na msalabani ingeandikwa hivyo hivyo.

Na hiyo 1940 ni ya kweli, mwenyewe alikuwa anasimulia, vita vilishaanza 1939, wamisionari wa Kijerumani wamekamatwa wamewekwa kizuizini, watoto wa darasa lao wakafundishwa na mwalimu mwenyeji na kanisa halikufungwa hata Jumapili moja. Ukikumbuka wale wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza Machame 1893 tu, yaani Bibi alizaliwa imani yenyewe ina miaka thelathini na kitu huku mlimani, na KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, inaundwa 1963 yeye tayari ana watoto wanaoimba kwaya.

Wasifu tuliokuwa nao mwanzo ulikuwa mkavu, kazaliwa, kaolewa, kaacha watoto sita wajukuu kadhaa vitukuu kadhaa. Kijana akatuambia kurasa mbili zimebaki wazi, ongezeni alivyokuwa anaishi. Hapo ndio tukakaa kwenye benchi lake tukaanza kukumbushana. Kwamba kahawa ilikuwa ya Babu, inaenda KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, inalipa ada, lakini ndizi zilikuwa za Bibi, anabeba kichwani mpaka sokoni Mwika, na kwenye hela ya ndizi ndio inatoka chumvi, mafuta ya taa na sadaka, na sadaka inatengwa kwanza inafungwa kwenye pindo la kanga kabla hata chumvi haijanunuliwa. Kwamba ibada ikiisha kwenye mnada wa sadaka pale nje, kuna mama mmoja mjane alikuwa analeta mayai matatu manne hivi, Bibi anapandisha bei mpaka anayapata yeye, halafu jioni anatutuma watoto tuyarudishe kwa yule mama, tena tusiseme katoa nani, tuseme tu shikamoo tumetumwa. Kwamba usiku wa manane anaamka anaomba kwa kutaja majina, mtoto mmoja mmoja mpaka vilembwe, na kama una mtihani au mimba anakutaja mara mbili. Mimi nililala naye chumba kimoja nikiwa mdogo, jina langu nimelisikia gizani mara nyingi sana.

Yote hayo yakaingia. Ibadani mchungaji alisoma ile ya mayai, na yule mama mjane kafariki zamani lakini mwanae alikuwepo kwenye viti vya nyuma, akasimama akaomba kusema neno, akasema siku zote nyumbani kwao waliamini mayai yanarudishwa na kanisa.

Kuna mapungufu nisiyafiche. Umeme ulikatika na hawana jenereta, vijitabu vikatoka usiku wa manane kuamkia maziko, tulikaa roho juu. Karatasi za ndani ni nyepesi, maandishi ya upande wa pili yanaonekana, bora uombe nzito mapema. Bango lilikuja na mikunjo. Maegesho hakuna, uache gari mbali utembee.

Bei tuliyolipa sisi, kusafisha picha elfu 20, kuprinti kubwa pamoja na fremu elfu 65, vijitabu elfu 2 kila kimoja jalada la rangi ndani nyeusi na nyeupe. Kuna sehemu utapata rahisi zaidi ya hapo, ila mimi nikiwa na picha ya mzee siipeleki kwingine.

Ukienda beba picha yenyewe usipige na simu, beba na nyingine yoyote ya huyo mtu, na aende mzee mmoja anayeijua ile sura. Namba za nyimbo wanazikagua wenyewe kwenye Mwimbieni Bwana, kile kitabu chetu cha nyimbo za Kilutheri, sisi mbili tulikosea wakatupigia simu. Mwisho ombeni faili kwenye flashi, halina gharama, nyumba zote za ukoo wetu sasa zina nakala mpaka walioko nje wameprinti huko huko. Jumapili wanafungua mchana ibada zikishaisha.