Mwaka mmoja na Toyota 86 hapa Tanga

Mama ndiye aliyeikagua wa kwanza. Alisimama getini pale Chumbageni, akaitazama mbele hadi nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, hii inapandwa au inavaliwa?" Kisha akakusanya buibui lake, akaingia kwa kujitupa. Kushuka ndiyo kazi, mpaka leo nampa mkono.

Yangu ni ya 2013, mtumba wa Japani, gia sita za kuingiza mwenyewe. Toyota waliibuni pamoja na Subaru ikatoka 2012, ndiyo maana ina pacha wake, Subaru BRZ. Hiyo 86 ni heshima kwa AE86, Corolla ya miaka ya 1980 iliyosukumwa na tairi za nyuma. Hii nayo inasukuma nyuma.

Fundi wangu amezoea Noah na IST. Alifungua boneti, akainama, akauliza, "Injini yenyewe iko wapi?" Imelala. Silinda nne, mbili kulia mbili kushoto, pistoni zinarusha ngumi kama mabondia, na jina lake ni boksa kweli. Ni ya lita mbili, nguvu farasi 200, haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Kwa vile imelala, wahandisi waliweza kuishusha sana na kuisogeza nyuma, hadi kitovu cha uzito wa gari kikawa kama sentimita 46 kutoka chini. Kwenye karatasi ni namba tu. Toka nayo Muheza alfajiri kabla malori hayajaamka, ikute kona: gari haiinami. Unakata usukani, nayo imeshageuka, na makalio yako yanajua tairi za nyuma zinafanya nini kabla macho hayajajua.

Uzito wake ni kilo 1,200 na kitu, basi hizo farasi 200 zinatosha. Ila usitegemee kuamka nayo kwa mizunguko midogo ya injini. Chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika imetulia kama mzee aliyemaliza kufuturu. Nguvu zote inazitoa kwenye 7,000, lazima uitafute kwa gia. Anayetaka kukanyaga na kusahau atafute otomatiki yenye tabo, aachane na hii.

Vijana wananishauri nifunge tairi pana. Sitaki. Ilitoka kiwandani na tairi za upana wa milimita 215, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius, na ilikuwa makusudi: ianze kuteleza taratibu, kwa mwendo ambao dereva wa kawaida bado anaiweza.

Sasa matuta. Viti vya nyuma havikai mtu mzima, tusidanganyane, lakini mgongo wake unalala wote, na waliochora gari walihesabu tairi nne ziingie humo. Mimi niliingiza magunia mawili ya machungwa ya Muheza. Gari ikakaa chini zaidi, nami nikalipanda tuta la kwanza la kuingilia mjini moja kwa moja, kama niko kwenye Noah. Nilisikia *krrr*. Plastiki ya chini ya bampa ilibaki pale barabarani na machungwa matatu yakaja kunipiga kisogoni. Siku hizi matuta nayapanda mshazari, bodaboda nyuma yangu wanapiga honi.

Kubadili plagi nako ni shughuli. Ziko ubavuni, zimebanana na mwili wa gari. Fundi alitoa betri, akatoa boksi la ea klina, akachubuka vidole, na bei akanipandishia. Sikubishana, nilimwona alivyotoka jasho.

Nimeshaulizwa bei mara nyingi, hasa nikiegesha Raskazone jioni. Siiuzi. Ila kama kuna mwenye IST safi ya kuuza, aniambie. Ya mama, ya kwendea sokoni.