Uzoefu wangu: VPN ya kulipia iliyokuwa ikiangusha Windows, na jinsi nilivyoithibitisha draiva yake

Huduma ninayoitathmini hapa ni VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwa njia iliyosimbwa hadi seva ya kampuni) ya kulipia kwa mwaka, ya kampuni ya nje ambayo sitaitaja jina, tuliyoitumia kwenye kompyuta za ofisi yetu ndogo ya uhasibu jijini Dar es Salaam, zote zikiwa na Windows 11. Kwa upande wa mtandao wenyewe sina malalamiko makubwa. Kasi iliridhisha, bei haikuumiza, na programu yao ilikuwa nyepesi kutumia kiasi kwamba hata mwenzetu asiyependa mambo ya kompyuta aliimudu bila kuelekezwa. Tatizo lilikaa mahali ambapo mtumiaji haoni, yaani kwenye draiva, programu ndogo ya chini kabisa ambayo programu hiyo huisakinisha ndani ya kerneli, kiini cha Windows kinachoendesha mashine nzima.

Dalili zilikuwa hizi: kompyuta inafanya kazi vizuri, kisha ghafla inatoa ile skrini ya bluu (ambayo Microsoft ilianza kuibadilisha kuwa nyeusi mwaka 2025), inahesabu asilimia, inajiwasha upya, na kazi isiyohifadhiwa inapotea. Haikutokea ovyo. Mara nyingi ilitokea Wi-Fi ya ofisi ilipokatika na mtu akahamia kwenye hotspot ya simu, au mtu alipofungua laptopu iliyokuwa imelala tangu jana yake. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake: mmoja alilaumu umeme, mwingine joto, mwingine kirusi, na fundi wa mtaani alikuwa tayari kutuuzia RAM mpya. Mimi kilichonivutia ni kwamba kompyuta za aina tofauti, zilizonunuliwa nyakati tofauti, zilikuwa zikianguka kwa namna ileile. RAM haiharibiki kwa makubaliano.

Ujumbe uliokuwa chini ya skrini ulisomeka DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na pembeni yake faili lililotajwa lilikuwa NETIO.SYS. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu NETIO.SYS ni faili la Microsoft lenyewe, sehemu ya mfumo wa mtandao wa Windows, na ukilitafuta mtandaoni utapata ushauri wa kusakinisha Windows upya au kubadilisha draiva ya Wi-Fi. Jina linaloandikwa pale ni la moduli iliyokuwa ikitekelezwa wakati hitilafu ilipogundulika, na si lazima iwe ndiyo iliyoileta. Moduli nyingine inaweza kuikabidhi data mbovu na kuondoka, na lawama ikabaki kwa aliyeipokea.

Ushahidi wa kweli umo kwenye mafaili ambayo Windows huyaandika kila inapoanguka, ndani ya folda ya C:\Windows\Minidump. Ni mafaili madogo, na huhitaji kuwa mhandisi ili kuyasoma kwa kiwango cha kutosha. Nilisakinisha WinDbg, programu ya kuchambua mafaili hayo ambayo Microsoft huitoa bure kwenye duka lake, nikafungua faili la karibuni kabisa na kuandika amri !analyze -v. Mara ya kwanza programu hiyo hupakua taarifa nyingi kutoka seva za Microsoft, kwa hiyo andaa bando na uvumilivu. Kilichotokea kilikuwa na maelezo mengi kuliko nilivyotarajia. Kosa letu hilo, ambalo namba yake ni D1, huja na vigezo vinne: anwani ya kumbukumbu iliyoguswa, kiwango cha kipaumbele ambacho prosesa ilikuwa nacho, kama kilichofanyika kilikuwa kusoma au kuandika, na anwani ya maelekezo yaliyogusa kumbukumbu hiyo. Kwangu kigezo cha kwanza kilikuwa 0x28, cha pili 2, na cha tatu 0.

Namba 0x28 ndiyo iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Anwani ndogo kiasi hicho si anwani halali ya kumbukumbu ya kerneli. Maana yake karibu kila mara ni kwamba moduli fulani ilikuwa na kielekezi (namba inayoonyesha data ilipo kwenye kumbukumbu) kitupu, yaani sifuri, ikadhani kinaelekeza kwenye jedwali lake la data, kisha ikaenda kusoma sehemu iliyo hatua chache kutoka mwanzo wa jedwali hilo ambalo halipo. Kiwango cha 2 maana yake ni kwamba jambo hilo lilifanyika wakati ambapo kerneli hairuhusiwi kusubiri wala kurekebisha chochote, hivyo njia pekee iliyobaki ni kusimamisha mashine nzima. Nilipotazama orodha ya miito iliyotangulia kosa, mstari mmoja juu na mstari mmoja chini ulikuwa wa NETIO na tcpip, zote za Microsoft, na katikati yake lilikaa jina la draiva ya VPN yetu, lenye herufi za kampuni kabisa. Nilifungua mafaili mengine kutoka kompyuta nyingine, na picha ilikuwa ileile.

Hata hivyo jina kuonekana kwenye orodha si hukumu, kwa kuwa draiva ya VPN ina kila sababu ya kuwa njiani pakiti za data zinapopita. Nilitaka jaribio. Programu ile ina kipengele kinachomruhusu mtumiaji kuchagua programu zipi zipite ndani ya VPN na zipi zipite nje, nasi tulikitegemea kwa sababu tovuti za benki na za kuwasilisha ritani hazifurahii anwani ya IP ya Ulaya. Ili kupanga pakiti kwa kufuata programu zilikotoka, kampuni ya VPN hulazimika kuingiza draiva yake kwenye mfumo wa Windows wa kuchuja mtandao, na hicho ndicho kiini cha habari yetu. Nilikizima kipengele hicho kwenye baadhi ya kompyuta na kukiacha kwenye nyingine. Zilizokizima zilitulia, nyingine ziliendelea kuanguka kila Wi-Fi ilipoyumba.

Kwa kompyuta moja isiyokuwa na kazi nyeti nilikwenda mbele zaidi, nikatumia Driver Verifier, zana iliyomo ndani ya Windows kwa ajili ya kuibana draiva hadi ionyeshe makosa yake. Iwapo utaijaribu, chagua draiva unayoishuku tu, usiguse za Microsoft, na kabla ya yote hakikisha una ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) mkononi, kwa maana mashine inaweza kushindwa kuwaka kawaida na utalazimika kuingia katika hali salama ili kuandika verifier /reset. Yangu ilianguka muda mfupi baada ya kuunganisha VPN, safari hii ikiwa na kosa la namba C4, nalo liliitaja draiva ile moja kwa moja bila kumsingizia NETIO.

Jambo lililoniudhi kuliko kuanguka kwenyewe ni kwamba kuondoa programu hakukuondoa draiva. Nilifuta programu kwa njia ya kawaida kwenye mipangilio, nikazima kompyuta na kuiwasha, na kesho yake ikaanguka tena. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, faili la draiva lilibaki katika System32\drivers likiwa bado limeandikishwa kuwaka pamoja na mfumo. Nililiona kwa kutumia Autoruns, zana ya bure ya Sysinternals (mkusanyiko wa zana za Microsoft) inayoonyesha vinavyowaka pamoja na Windows, katika kichupo cha draiva, na nikaviondoa vifurushi vyake kwa pnputil, zana ya Windows ya kusimamia draiva, baada ya kuviorodhesha kwa amri ya pnputil /enum-drivers. Pili, Windows ikiwa na kile kipengele cha kuwaka haraka, ukibonyeza kuzima haizimi kerneli kikamilifu, bali huihifadhi kwenye diski na kuirudisha kama ilivyokuwa, pamoja na draiva zake zote. Anayetaka kerneli ianze upya achague kuwasha upya, na si kuzima. Watu wengi wanaosema «nilizima nikawasha lakini tatizo likarudi» wanasema kweli tupu.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, programu ya kawaida ikikosea hufa peke yake, lakini kilichomo ndani ya kerneli kikikosea hufa na mashine yote. Dunia iliona hilo tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Apple ilianza kuwasukuma watengenezaji nje ya kerneli tangu macOS Catalina ya mwaka 2019. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba VPN yoyote yenye moduli ya kerneli ni mbaya. WireGuard, mfumo wa VPN wa msimbo wazi, imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na tangu 2021 ina moduli yake ya kerneli kwa ajili ya Windows pia. Tofauti iliyopo ni kwamba msimbo wake ni mfupi, uko wazi, na umepitiwa na macho mengi, wakati draiva iliyotuangusha imefungwa na imebebeshwa vipengele vya kuvutia wateja.

Huduma kwa wateja ilikuwa nusu kwa nusu. Jibu la kwanza lilinitaka nisakinishe Windows upya, ushauri ambao ofisi yenye mafaili ya wateja haiupokei kwa furaha. Nilipowatumia minidump pamoja na mistari ya uchambuzi, lugha ilibadilika mara moja, suala likapelekwa kwa wahandisi, na baadaye likatoka toleo jipya ambalo maelezo yake yalitaja «maboresho ya uthabiti» tu, bila neno lolote kuhusu kosa. Nawapa alama kwa kulishughulikia na nawanyima kwa kulificha. Angalizo moja: tuma minidump, usitume faili kubwa la MEMORY.DMP ambalo Windows pia huliandika inapoanguka, kwa kuwa linaweza kuwa na vipande vya nyaraka na nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu wakati huo.

Kuihama kabisa kampuni hiyo ya VPN hakukuwa jambo la haraka. Kwetu Tanzania, ambako mnamo Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao pamoja na anwani za IP, ofisi haibadilishi VPN kama mtu anavyobadilisha laini ya simu. Kwa hiyo tulibaki na usajili uleule, tukaachana na programu. Kwa muda tulitumia IKEv2, aina nyingine ya muunganisho wa VPN, kupitia mipangilio ya VPN iliyomo ndani ya Windows yenyewe, isiyohitaji draiva ya mtu mwingine. Kisha tukahamia kwenye mafaili ya usanidi ya WireGuard ambayo kampuni hiyo huwapa wateja, tukiyafungua kwa programu rasmi ya WireGuard. Tumepoteza ule uchaguzi wa programu kwa programu, na sasa anayetaka kuingia benki hukata VPN kwanza kisha huiunganisha tena, usumbufu ambao wenzangu waliunung'unikia kwa siku chache wakazoea. Skrini ya bluu hatujaiona tena, hata Wi-Fi inapokatika katikati ya kazi.

Kwa hiyo nawapa nyota tatu kati ya tano: seva nne, programu ya Windows moja, na huduma kwa wateja iliyobaki katikati. Usajili nitauhuisha ukiisha, mradi waendelee kutoa mafaili ya WireGuard. Toleo lao jipya lenye draiva nimeliweka kwenye ile kompyuta ya majaribio tu, na halitasogea kwenye mashine za wenzangu hadi litakapovumilia kuhamishwa kutoka Wi-Fi kwenda hotspot mchana kutwa.