Springi pacha za vali kwa injini ya turbo ya mbio za dragi: tathmini baada ya mikimbio 40

Seti ninayoitathmini hapa ina springi pacha 24, yaani springi ya nje na ya ndani kwa kila vali (mlango mdogo wa kuingiza hewa au kutoa moshi, ambao springi huufunga kwenye kiti chake), pamoja na kofia za titani zinazoishika springi juu na vikalio vya chuma vinavyoibeba chini. Nimeifunga kwenye injini ya Toyota 2JZ-GTE ya lita 3.0, yenye silinda sita na kamshafti mbili, yaani mihimili yenye nundu za kufungulia vali, zinazosukuma tapeti (vikombe vilivyo juu ya vali) moja kwa moja. Gari hukimbia mita 400 kwa shinikizo la turbo la bar 2.5, na injini hufikishwa mizunguko 9,000 kwa dakika kabla ya kubadilisha gia.

Kabla ya seti hii nilikuwa na springi za moja moja, zilizouzwa kama ngumu kuliko za kiwandani. Kwenye mashine ya kupimia nguvu, mstari wa grafu ulipanda vizuri hadi mizunguko 8,200, kisha ukaanza kutetemeka na injini ikawa inakohoa. Tulishuku moto wa plagi, tukabadilisha plagi na koili. Tukashuku mafuta, tukapima shinikizo la pampu. Hali ikabaki ileile. Kilichotufumbua macho ni kupunguza shinikizo la turbo hadi bar 1.5 bila kugusa kitu kingine, maana mtetemeko ulitoweka na injini ikapanda safi hadi mizunguko 8,800. Kama tatizo lingekuwa kasi peke yake, lingejitokeza kwa shinikizo lolote. Springi zilikuwa zinashindwa kuirudisha vali kitini na kuituliza pale kwa sababu hewa ya turbo ilikuwa inazipinga, na mnunuzi anayesoma tangazo la springi lililoandikwa kwa ajili ya injini isiyo na turbo hataliona jambo hili popote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Vali ya kuingiza hewa ya milimita 33.5 ina eneo la sentimita za mraba 8.8 hivi, na shinikizo la bar 2.5 likiikandamiza kwa nyuma linaisukuma ifunguke kwa nguvu ya zaidi kidogo ya kilo 22. Ukiwa na springi inayoishikilia vali kitini kwa kilo 38, zinazobaki ni kilo 16 tu za kuizuia isidunde inapotua. Ni kweli kwamba hewa iliyokwisha kuingia kwenye silinda nayo huisukuma vali kutoka upande wa pili, kwa hiyo kilo 22 ni kipimo cha hali mbaya kuliko zote. Hata hivyo mimi huchagua springi kwa hali hiyo, kwa kuwa vali ikidunda mara moja kwenye mizunguko 9,000 inaweza kukutana na pistoni.

Upande wa moshi husahaulika, ilhali kwangu ndio uliokuwa na madhara makubwa zaidi. Turbo huziba njia ya moshi, na katika injini iliyobanwa sana shinikizo lililo kabla ya turbo huzidi lile la hewa inayoingia. Likifika bar 4 huku silinda ikijazwa hewa ya bar 2.5, tofauti ya bar 1.5 inaisukuma vali ya moshi ya milimita 29 kwa takriban kilo 10, na mawimbi ya moshi hupandisha kiasi hicho kwa vipindi vifupi. Ndiyo maana simshauri mtu yeyote kuweka springi ngumu upande wa kuingiza hewa peke yake ili kupunguza gharama.

Sasa seti yenyewe. Karatasi ya mtengenezaji inasema kwamba springi ikifungwa kwa urefu wa milimita 34 itatoa kilo 38, na vali ikifunguka milimita 9.5 itatoa kilo 88. Nilizipima zote moja moja kabla ya kuzifunga. Kumi na tisa zilikuwa ndani ya kilo moja ya kipimo kilichoandikwa, lakini tano zilitoa kati ya kilo 35 na 36, na katika bidhaa inayouzwa kwa ajili ya mashindano huo ni upungufu ninaoulalamikia waziwazi. Shimu, yaani kipande chembamba cha chuma, ya nusu milimita chini ya springi huongeza kilo 2.6 hivi, kwa hiyo niliweza kuzisawazisha, lakini mtu asiye na kipima springi angefunga injini yenye vali tano dhaifu bila kujua. Kila shimu nayo hupunguza nafasi kati ya mizunguko ya waya vali inapofunguka kabisa. Hapa ilibaki milimita 1.5 katika zile tano na milimita 2 katika nyingine, na mimi sishuki chini ya 1.5.

Wengi wataniuliza kwa nini sikuchukua springi ngumu kuliko zote na kumaliza hofu. Springi inayozidi haja hula nundu za kamshafti na uso wa tapeti, huongeza joto kwenye oili, na hugonga kiti cha vali mpaka kikapoteza umbo. Kasi ndiyo inayodai zaidi: kutoka mizunguko 7,500 hadi 9,000 nguvu ambayo springi huhitaji ili vali ifuate umbo la nundu huongezeka kwa asilimia 44, na njia ya busara ni kupunguza kwanza uzito unaokwenda na vali. Kofia za titani zina chini ya asilimia 60 ya uzito wa chuma cha umbo lilelile, na hilo ni faida inayopatikana bila kuiongezea kamshafti mzigo.

Sifa kubwa ya seti hii ni jinsi springi ya ndani inavyobanana na ile ya nje. Springi yoyote ina mtetemo wake wa asili, na kamshafti ikiuchokoza mtetemo huo, wimbi hupita kwenye waya na nguvu ya springi hupungua wakati inapohitajika zaidi. Msuguano kati ya springi hizi mbili hulizima wimbi hilo, ingawa hulipwa kwa joto, na ndiyo maana oili inayomwagikia springi haipaswi kubanwa. Springi moja yenye umbo la mzinga wa nyuki hulishinda tatizo hilo kwa njia nyingine, kwa kuwa mizunguko yake haina kipenyo kimoja, na kofia yake ni ndogo na nyepesi. Ningeipendelea kwa shinikizo la wastani. Kwa shinikizo hili napenda kujua kwamba springi moja ikivunjika, mwenzake anaweza kuishikilia vali mpaka nizime injini.

Zilipofungwa, niliendesha injini taratibu kwa dakika chache, nikaizima, nikaiacha ipoe kabisa, kisha nikapima upya. Waya usishikwe kwa koleo, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu ndipo ufa unapoanzia.

Katika mikimbio 40 injini haijakohoa hata mara moja chini ya bar 2.5, na grafu imenyooka hadi mizunguko 9,000. Mkimbio mmoja wa sekunde 9 huifungua kila vali mara 600 na kidogo tu, kwa hiyo kinachozichosha springi si wingi wa mikimbio bali ni joto la kuchoma matairi (kuyazungusha papo hapo ili yapate moto kabla ya kuondoka), kusubiri kwenye mstari turbo ikiwa imejaa, na gia inayokosewa. Nilipofungua tena, springi za kuingiza hewa zilikuwa zimeshuka hadi wastani wa kilo 36, na za moshi hadi kilo 35. Kikomo changu ni upungufu wa asilimia 10, na za moshi tayari zimefika asilimia 8. Nimeshaagiza 12 za upande huo kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo, na nitazipima zote kabla ya kuzifunga.