TAHADHARI: "Mama, hii ndiyo namba yangu mpya"

Ndugu zangu, someni hili kisha mkawasomee wazazi wenu, hasa wale ambao WhatsApp na Facebook ndiko wanakowaona watoto na wajukuu walio mbali. Wao ndio wanaowindwa.

Ujumbe wenyewe ni mfupi: "Mama, simu yangu imeharibika. Hii ndiyo namba yangu mpya, ile ya zamani ifute." Tazameni vizuri, hauna jina. Tapeli hajui anamwandikia nani. Ametuma maneno hayohayo kwa namba nyingi, anangoja mama mmoja ajibu, "Ni wewe Asha?" Akijibu hivyo jina keshalitoa mwenyewe, na kuanzia hapo tapeli ni Asha. Atauliza hali, atauliza kama dawa zimemezwa, atasema amemkumbuka mama yake. Baadaye ndipo linakuja deni ambalo lazima lilipwe leo, na benki haimfungulii kwa sababu simu ni mpya. Jina kwenye akaunti ya kupokelea pesa si la Asha, ila sababu ipo tayari: ni la fundi, au la rafiki anayemdai. Mama akitaka kupiga simu, ataambiwa spika ni mbovu.

Na msidhani wanaonaswa ni wachache au ni wajinga. Mwezi Agosti 2022 tume ya Australia inayolinda wateja, ACCC, ilitangaza kwamba zaidi ya watu 1,100 walikuwa wametapeliwa kwa njia hii ndani ya miezi saba ya kwanza ya mwaka huo. Zaidi ya theluthi mbili ya taarifa zilitoka kwa wanawake waliopita miaka 55. Kinachomnasa mzazi hapa ni kule kutaka kumsaidia mwanawe haraka, na tapeli anakijua hicho kuliko anavyoijua simu.

Njia ya pili inaniumiza zaidi kwa sababu inapita mkononi mwa ndugu kwenda kwa ndugu. Ujumbe unatoka kwa mtu unayemjua kweli, kwa namba yake ileile na picha yake ileile: "Samahani shangazi, nimekutumia tarakimu sita kwa makosa, nirudishie." Anayeandika siye mwenye namba. Akaunti yake imekwisha kuibwa, sasa mwizi anatafuta inayofuata kwenye grupu la familia. Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp inazotuma kwa SMS mtu anapotaka kuifungua namba yako kwenye simu nyingine. Ukizitoa, wewe unatolewa nje na yeye anaingia. Waambieni wazee hivi, bila maelezo marefu: tarakimu zilizoingia kwenye simu yako ni zako, hapewi mtu, hata akiomba mtoto uliyemzaa.

Ikishatokea, msikae kusikitika. Fungueni WhatsApp upya kwenye simu ya mzee kwa namba yake, muingize tarakimu mpya zitakazokuja. Mara hiyo mwizi anatupwa nje. Akiwa ameweka PIN yake ya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huiuliza baada ya zile tarakimu sita, mtasubiri siku saba kabla ya kuingia bila hiyo PIN, lakini hata katika siku hizo yeye naye hayumo. Mwizi akiwa bado ndani, mazungumzo ya zamani hayaoni, kwa kuwa yanakaa kwenye simu yenyewe. Magrupu anayaona, na huko ndiko anakoenda kuomba pesa, kwa hiyo pigieni ndugu simu za kawaida kuwaonya. PIN hiyo wekeni nyinyi mapema, kwenye mipangilio ya akaunti, na mpitie pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa msichokitambua, kitoeni.

Kwenye Facebook kuna mchezo mwepesi zaidi: mtu anachukua jina na picha ya mjukuu, anafungua akaunti mpya, anaomba urafiki kwa bibi. Bibi anaona sura ya mjukuu wake, anakubali. Ombi likitoka kwa mtu ambaye tayari ni rafiki yako humo, muulize kwanza kwa simu. Na orodha ya marafiki ya mzee ifichwe, maana humo ndimo tapeli anamosoma nani ni ndugu wa nani.

Sasa nifike kwa wale hasa walionifanya niandike. Shangazi yangu aliporwa akaunti yake ya Facebook, ambayo ilikuwa na picha zote za wajukuu tangu wanazaliwa. Binti yake akaandika hadharani kuomba msaada. Papo hapo wakatokea watu kwenye maoni, kila mmoja akimsifu "mtaalamu" fulani aliyemrudishia akaunti yake. Mtaalamu akataka malipo ya kuanzia, akalipwa. Akataka tena, ya "programu". Mwishoni akaomba namba ya siri ya barua pepe ya shangazi, na baada ya hapo akapotea, na barua pepe nayo ikapotea. Hawa ni wezi wa pili wanaokula mabaki ya wa kwanza, na wale wanaowasifu ni wenzao au akaunti bandia. Hakuna fundi wa mtaani wala wa mtandaoni mwenye mlango wake wa kuingilia Facebook. Njia ni ya kampuni yenyewe, facebook.com/hacked, na haina malipo. Ni ya polepole, inachosha, wakati mwingine inashindikana. Hata ikishindikana, msimlipe mtu.

Kuhusu sauti: zamani tungesema piga tu simu umsikie. Mwezi Machi 2023, FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ilionya kwamba matapeli wanaweza kuiga sauti ya mtu kwa akili bandia, wakitumia kipande kifupi cha sauti yake kilichoko mtandaoni. Kwa hiyo ukipigiwa simu na sauti ya mwanao inalia ikiomba pesa, ikate, kisha umpigie mwanao kwa namba yake ya zamani uliyonayo. Familia ikubaliane pia swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote.

Nawaomba jambo moja watoto wenzangu. Mzee akitapeliwa, msimfokee wala msimnyang'anye simu. Akiogopa maneno yenu, safari ijayo atanyamaza, na saa anazonyamaza ndizo mwizi anazotumia kuhamisha pesa. Kama pesa imekwisha tumwa, ipigieni benki au kampuni ya simu dakika hiyohiyo mwombe izuiwe, kisha mwende polisi.

Ujumbe wa tapeli msiufute kwa hasira, ni ushahidi. Upigeni picha pamoja na namba iliyoutuma, mripoti namba hiyo ndani ya programu kabla ya kuizuia, na mtangaze kwenye grupu la familia hata kama ni usiku wa manane.