Spea za injini za kununua kwanza unapofufua lori la zamani

Lori la petroli la miaka ya 1960 au 1970 likishaingia gereji, pesa hukimbilia vinavyong'aa: eksozi, kabureta kubwa, kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya nguvu. Mimi hupanga kinyume. Kinachoilinda injini kwanza, kinachoiongezea nguvu mwisho.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, kisha rudia baada ya kutia oili kidogo. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Nakili pia namba za bloku. Malori haya mengi yamebadilishwa injini, na spea huagizwa kwa injini iliyomo, si kwa mwaka wa gari.

Nafasi ya kwanza naipa mfumo wa kupoza: rejeta, pampu ya maji, themostati na mipira yake yote kwa pamoja. Rejeta ya shaba inazibika kwa kulehemiwa risasi ikitoboka. Ya alumini ni nyepesi, lakini kuitengeneza kunataka fundi mwenye vifaa. Usiweke mfuniko wa presha kubwa kuliko ule wa awali juu ya rejeta kuukuu, itapasuka.

Ya pili, na kwa thamani ya pesa hakuna inayoishinda, ni mfumo wa umeme wa plagi usio na pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Pointi za distributa hulika taratibu, mwanya hupungua, na cheche huchelewa bila dereva kugundua. Kifaa cha kielektroniki huingia ndani ya distributa ileile. Angalia mambo mawili: kama gari ni la volti 6 au 12, na kama waya unaokwenda kwenye koili (inayozalisha umeme mkali wa plagi) una kipunguza umeme. Vifaa vingi hivi huhitaji volti 12 kamili.

Viti vigumu vya valvu za eksozi, yaani pete ambazo valvu hukalia zikifunga, nunua tu kama hedi imeshafunguliwa. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi iliyovikinga viti laini vya awali. Isiyo na risasi huvila polepole, hasa lori likibeba mizigo mizito.

Kwenye mafuta, kabureta ya awali iliyofanyiwa ukarabati mzuri inatosha watu wengi. Mfumo wa injekta huwasha injini vizuri asubuhi ya baridi, ila pampu yake husukuma kwa psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, wakati kabureta hutaka takriban psi 4 hadi 7. Kwa hiyo bei ya injekta ihesabu pamoja na pampu, mabomba na mipira mipya.

Kamshafti naiweka mwisho kabisa. Ukiinunua ile ya tapeti bapa (tapeti ni vipande vinavyosukumwa na kamshafti), nunua na tapeti mpya, tia oili yenye zinki ya kutosha, na mara injini ikiwaka ipandishe hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, uishikilie hapo kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke kwenye mzunguko wa polepole.