Mashine ya kutotolesha: kioo kinasema 37.7, vifaranga wanasema mengine

Nianze na yule kijana wa dukani, maana mashine yenyewe ningeweza kuisamehe.

Ni mashine ndogo ya plastiki, zile zinazogeuza mayai zenyewe. Niliinunua kwenye duka moja katikati ya jiji hapa Mwanza. Siku ya kutoa hela nilikuwa "mama yangu", hadi kiti nikavutiwa. Niliporudi kulalamika, shikamoo hakuna. Nimetoka Buhongwa kwa daladala, nimeipakata mashine kama mtoto mchanga, halafu ananiuliza mbele ya wateja: "Kwani mama ulitaka ikutagie na mayai?" Watu wakacheka. Eti mayai yangu ndiyo mabovu.

Mabovu vipi? Yalikuwa ya kuku wa kienyeji wa wifi yangu wa Kisesa, na tulikubaliana tugawane vifaranga, kwa hiyo hata yeye sasa ananiangalia vibaya. Wiki ya kwanza ilipoisha niliyamulika gizani kwa tochi ya simu: karibu kila yai mishipa ya damu imetanda. Yai lisilo na mbegu litatoa wapi mishipa? Vifaranga hutoka siku ya 21. Wangu walianza kugonga ganda siku ya 19, wachache, dhaifu, vitovu havijafunga, vidole vimepinda. Waliobaki walifia ndani na manyoya yao tayari. Mweleze mfugaji yeyote dalili hizo, atakwambia joto lilizidi. Na kioo cha mashine cha kuonyesha joto muda wote kimeandika nyuzi 37.7, joto lilelile linalotakiwa! Nikatumbukiza kipimajoto cha homa cha mwanangu, kikapita 39. Sasa mwongo nani hapo, yai?

Msinunue. Pesa zenu mtazitupa ziwani.

Ila ngoja, nisidhulumu. Fundi redio mmoja wa Igoma aliifungua, akakuta kile kijiti cha kupimia joto kimejikunja pembeni, hakijafika usawa wa mayai. Akakinyoosha, akarekebisha namba. Awamu iliyofuata walitoka siku yao, wakavu, wanapiga kelele hadi jirani akauliza. Umeme ulikatika usiku mmoja, nikaifunika blanketi, ikahimili. Kwenye kugeuza mayai haijawahi kukwama hata mara moja. Mashine ni nzuri, nasema kweli. Mwenye nayo aiwashe kutwa nzima bila mayai, aweke kipimajoto chake pembeni, ndipo aiamini.

Lakini hela ya fundi nimelipa mimi! Kijana nilipompigia akasema waranti haihusu "mambo ya kuku". Mashine ya kutotolesha, waranti haihusu kuku!

Sasa nataka ile kubwa yake. Nimezunguka maduka yote, na bei ya chini kuliko wote ni kwake huyohuyo. Nitamtuma mume wangu.