Glavu nyembamba ndizo zilizonidumu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asihangaike kufika mwisho. Nimeendesha baiskeli ya mlimani na aina tatu za glavu, na zilizonidumu kuliko matarajio ni zile nyembamba, ambazo ukizishika mara ya kwanza unadhani zitachanika kabla hujamaliza mteremko mmoja. Zile nene, zenye sponji na jeli kiganjani na ngao ya mpira juu ya vifundo vya vidole, ndizo zilizofumuka mapema. Za tatu, za ngozi ya mbuzi, zingali nzima, lakini zina masharti yake na nitayafikia.

Majina ya matoleo siyataji. Watengenezaji hubadilisha kitambaa na ushonaji msimu hadi msimu huku jina likibaki lile lile, kwa hiyo glavu niliyovaa mimi huenda si hiyo utakayoikuta wewe. Heri nikuonyeshe pa kutazama.

Kwanza kipimo, maana karibu kila kitu kilichochanika kwangu kilianzia hapo. Majedwali mengi yanapima mzingo tu: unazungusha tepu kwenye kiganja penye vifundo, dole gumba ukiliacha nje, kisha unasoma herufi yako. Zile namba 7, 8, 9 na 10 zinazoandikwa ndani ya baadhi ya glavu ni mzingo huo kwa inchi. Kiwango cha zamani cha Ulaya cha glavu za kazi, EN 420, kilizioanisha namba hizo na urefu wa mkono pia: namba 8 ni mkono wenye mzingo wa milimita 203 na urefu wa milimita 182, namba 9 ni 229 kwa 192. Glavu za baiskeli si lazima zifuate jedwali hilo, ila linakupa picha ya mkono anaoufikiria fundi anapokata kitambaa. Mkono wangu una mzingo wa namba 8 na urefu wa namba 9. Ni mrefu na mwembamba, na watu wenye mikono ya namna hii ni wengi tu.

Sasa ona kinachotokea. Nikivaa namba 8, ncha za vidole zinagota kwenye mshono. Ukisimama wima huusikii, lakini ukishika usukani na kuteremka kwenye mawe, kila mtikisiko unausukuma ule mshono chini ya kucha, na ukifika chini kidole cha kati kinawaka moto. Pia kitambaa kinavutwa kutoka kwenye uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na hapo ndipo glavu nyingi hufia. Nikivaa namba 9, vidole vinakaa sawa lakini kiganja kinapwaya. Kitambaa kilichozidi hakina pa kwenda, kinajikunja chini ya mkono kama soksi iliyoteleza ndani ya kiatu, na mkunjo huo ndio unaozaa malengelenge.

Glavu nene nilizichukua za namba 9 kwa ajili ya vidole. Zilikuwa na vipande vitatu vya sponji vilivyoshonewa juu ya kiganja, kila kipande na mshono wake wa kuzunguka, na uzi umejitokeza nje. Vishikio vya usukani wangu vina mistari na vinundu vya mpira ili mkono usiteleze. Changanya hayo mawili: kiganja kinachopwaya kinatembea mbele na nyuma juu ya kishikio kila unapokanyaga pedali ukipanda mlima, na kila safari ndogo ya kitambaa inausugua ule uzi uliojitokeza. Kitambaa chenyewe hakikutoboka. Ni uzi uliokatika, kwanza ubavuni chini ya kidole kidogo, kisha ukaanza kufumuka wenyewe kama ulivyoshonwa, kipande cha sponji kikabaki kinaning'inia. Jiwe halikuhusika wala sikuanguka. Mkono wangu mwenyewe ndio uliozimaliza, kidogo kidogo.

Glavu nyembamba zilinishangaza kwa sababu ya namna zilivyokatwa. Zilikuwa namba 8 kwa mzingo, lakini vidole virefu kuliko kawaida ya namba hiyo na vimeshonwa vikiwa vimepinda kidogo tayari, kufuata umbo la mkono ulioshika kitu. Kiganja ni tabaka moja la ngozi bandia, ile ya nyuzinyuzi ndogo sana zilizoshikanishwa na poliyurethani, aina ya plastiki. Clarino ya kampuni ya Kuraray ya Japani ndiyo inayojulikana zaidi katika jamii hiyo. Hakuna sponji. Hakuna velkro, unavuta tu na ukingo wa kunyumbuka unakaa kwenye kifundo cha mkono. Mshono wa dole gumba haukupita kwenye ule uwazi bali umesogezwa nyuma, upande wa mgongo wa mkono, mahali pasipogusa kishikio. Fundi aliyewaza hivyo namsalimia popote alipo.

Kwa kuwa kitambaa hakitembei juu ya ngozi, hakisuguliwi. Kimelainika, kimepauka, penye kidole cha shahada kimekuwa chembamba hadi mwanga unapenya, lakini hakijatoboka. Na zaidi ya kudumu, ninasikia kishikio. Ninajua gurudumu la mbele linapoanza kuteleza kabla halijateleza kweli. Na glavu nene habari hiyo ilikuwa inachelewa.

Utaniuliza, je, mikono haiumi bila sponji? Swali la haki, na hapa wengi hununua unene bila kujua wanatibu nini. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hutokana na neva ya alna kubanwa kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, inapopita penye mifupa midogo ya kifundo. Ganzi ya dole gumba, shahada na kidole cha kati ni neva nyingine, ya mediani, inayopita katikati. Sponji iliyowekwa mahali pake huweza kutawanya uzito usiikandamize neva. Ikisogea, na kwenye glavu inayopwaya itasogea, ukingo wake unaweza kukaa juu ya neva yenyewe ukaibana zaidi. Halafu unene huongeza mzingo wa kishikio, vidole vinalazimika kukaza ili kuzunguka, na misuli ya mkono wa mbele inachoka upesi. Kwangu ganzi iliondoka nilipopandisha usukani kidogo, nikaelekeza mikono ya breki, yaani vile vyuma vinavyovutwa kwa vidole, ili kifundo cha mkono kisipinde kwenda juu, na kupunguza upepo kwenye shokapu ya mbele. Mwenye mkono mnene au aliyewahi kuumia kifundo huenda akasema tofauti, na sitabishana naye.

Ngozi ya mbuzi ni habari nyingine. Inavaana na mkono kuliko chochote kilichotoka kiwandani: mwanzoni inabana, kisha inatanuka penye vifundo na kukaa, na ikishakaa haitembei. Kwa kusuguliwa, inastahimili vizuri. Ila ikilowa na kukauka vibaya inakakamaa, inabidi uipake mafuta ya ngozi na kuifinyangafinyanga hadi ilainike tena, na kwenye joto mkono unapika humo ndani. Ninazivaa siku za baridi na siku za kwenda kusafisha njia, kukata matawi na kusogeza mawe. Kwa kuendesha kila mara, hapana.

Jambo moja ambalo sijaona watu wakilitaja: glavu mbili za jozi moja hazichakai sawa. Baiskeli nyingi za siku hizi zina gia moja tu ya mbele, kwa hiyo kibadilishaji cha gia kiko mkono wa kulia na kinasukumwa na dole gumba, huku mkono wa kushoto ukibaki na kitufe cha kushusha kiti. Dole gumba la kulia la glavu zangu zote limechakaa mapema kuliko la kushoto. Kidole cha breki nacho hutegemea ulikofungiwa breki ya nyuma. Kwenye baiskeli za Uingereza iko kushoto, za Marekani iko kulia. Mwenye kuning'inia kwenye breki ya nyuma mteremko mzima ataona kidole cha upande huo kikitoboka kwanza. Ukikagua glavu, kagua dole gumba na ncha ya shahada, na utazame kama kipande cha kiganja kimepanda hadi juu ya ncha au kimeishia kwenye mshono chini yake. Kilichopanda hudumu.

Ncha hiyo hiyo ina jambo lake la kipimo. Kidole kikizidi urefu hata kidogo, kile kitambaa cha mbele kinapinda na kunasa nyuma ya mkono wa breki unapoachia. Ni kero ndogo kwenye tambarare na ni hatari penye mteremko mkali. Kwa hiyo nikijaribu glavu sitazami kiganja kimelala sawa mkono ukiwa wazi, kwa sababu hakuna anayeendesha mkono ukiwa wazi. Ninashika bomba lenye unene wa kishikio, ninanyoosha shahada kama nakamata breki, ninaikunja na kuiachia, kisha ninabaki nimeshika kwa muda nikisikiliza kama kuna mkunjo chini ya kiganja au mvuto penye dole gumba. Glavu ikibana kidogo sana ikiwa mpya sina neno, ngozi bandia hulegea. Ikipwaya ikiwa mpya haitajirudi.

Mapambo madogomadogo nitayapitia haraka. Alama za silikoni zilizochapwa kwenye vidole vya breki husaidia kweli kwenye matope, lakini hubanduka mapema kuliko kitu kingine chochote, nisingelipia zaidi kwa ajili yake. Nyuzi za kugusia skrini ya simu zilifanya kazi zikiwa mpya, kisha jasho na vumbi vikazishinda. Siku hizi navua glavu. Kitambaa cha taulo kwenye dole gumba, cha kufutia jasho na kamasi, ni kitu bora kuliko vyote na sielewi kwa nini wengine wanakiondoa. Ngao ya vifundo ina maana ukipita kwenye miti iliyobanana au miiba, hasa zile laini zinazokuwa ngumu zikipigwa ghafla, mradi hazikazi vidole. Matundu madogo ya kupitisha hewa kiganjani nayakwepa: mpasuko ukianza, unaruka kutoka tundu hadi tundu. Na velkro, pamoja na uzuri wake wa kurekebisha, hula glavu yenyewe. Upande wenye kulabu ukigusa kitambaa cha mgongoni unakivuta nyuzi hadi kinaota manyoya.

Ndiyo maana kabla ya kufua glavu zenye velkro ni lazima uifunge. Nafua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, nikiwa nimezivaa kana kwamba nanawa, kisha nazigeuza ndani nje. Kilainishi cha nguo sitii. Jasho lisipotoka linaacha chumvi inayokausha ngozi na kuikakamaza, na harufu hutaisahau. Kuzikamua kwa kuzisokota kunachosha mishono, kwa hiyo nazibana tu ndani ya taulo. Kuanika ni kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali na joto huua unyumbukaji wa nyuzi za mgongoni, na glavu iliyokuwa inakaa vizuri inaanza kupwaya bila kubadilika namba. Zaidi ya yote, usiziache zimelowa ndani ya begi. Poliyurethani ikikaa kwenye unyevu na joto kwa muda mrefu huvunjika yenyewe, na siku moja unakuta kiganja kinababuka magamba hata kama hukuendesha.

Zile nene sikuzitupa. Niliondoa vipande vyote vya sponji, nikafumua mishono yake, nikashona upya ubavu kwa uzi wa nailoni, na kupunguza kiganja kwa mkunjo mmoja upande wa kidole kidogo. Hazipendezi, na mgongo wake umepauka hadi rangi haijulikani. Zinanikaa vizuri kuliko zilivyokuwa mpya na ndizo ninazovaa siku za matope, ili zile nyembamba zipumzike. Zikifa hizi nyembamba, nitatafuta nyingine zenye mkato ule ule: kiganja cha tabaka moja, vidole vilivyopinda, mshono wa dole gumba nyuma, taulo kwenye dole. Kama nitapata za namba 8 zenye vidole vya namba 9, nitachukua jozi mbili.